UZI: Usiku mmoja jangwani, masimulizi matatu. Nani shujaa wa rubani aliyetoka Dar es Salaam?

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Nafundisha Fasihi sekondari hapa Dar. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye mada ya mhusika shujaa, binti mmoja wa kidato cha tano akanyoosha mkono: "Mwalimu, shujaa wa kitabuni akiwa ni mtu aliyeishi kweli, tumpime kwa kitabu au kwa maisha yake?" Kengele ilinikuta bado natafuta jibu. Tangu siku hiyo swali halijanitoka, ndiyo maana nauleta uzi huu. Ni mrefu, mwenye chai aisogeze karibu.

Mtu niliyemchukua kuwa mfano ni Roald Dahl. Wengi mnamjua kwa vitabu vya watoto. Wachache wanajua kwamba kabla hajaandika chochote cha kuuzwa alikuwa kijana wa kampuni ya mafuta ya Shell, hapa hapa Dar es Salaam. Alikuja mwaka 1938, akaishi kwenye nyumba ya kampuni iliyotazama bahari nje kidogo ya mji wa wakati ule, akajifunza Kiswahili. Vita vikaanza Septemba 1939. Novemba akawasha gari lake, akaendesha maili 600 mpaka Nairobi kujiandikisha katika Jeshi la Anga la Uingereza.

Alikuwa mrefu kupita kiasi, futi 6 na inchi 6. Ndege ya kujifunzia pale Nairobi, Tiger Moth, ilikuwa wazi juu, na kichwa chake kilichomoza kabisa juu ya kioo cha kukinga upepo. Upepo ulimziba pumzi, ikabidi kila mara ainame ndani ya ndege ili avute hewa, mpaka alipopata wazo la kujifunga kitambaa puani na mdomoni. Baada ya saa 7 na dakika 40 za mafunzo aliruka peke yake. Katika vijana kumi na sita aliofunzwa nao, kumi na watatu walikufa angani ndani ya miaka miwili. Hesabu hiyo kaiandika mwenyewe, na kila nikiisoma hutua nikaanza kuwahesabu vidoleni.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe.

Tarehe 19 Septemba 1940 Dahl alikuwa Misri. Alipewa Gloster Gladiator, ndege ya kivita ya mabawa mawili juu na chini, ya mwisho ya aina yake kutumiwa kivita na jeshi lile, na alikuwa hajafundishwa kupigana nayo. Alitakiwa aipeleke kwenye kikosi chake kipya, Kikosi Namba 80, kilichokuwa kwenye kiwanja cha mchanga kusini ya Mersa Matruh. Akajaza mafuta njiani mara mbili. Kwenye kituo cha mwisho kamanda mmoja akampa mahali pa kwenda. Akaruka, akafika pale ramani iliposema, hakuona kitu. Akazunguka. Jua linazama, mafuta yanakwisha. Akaamua kutua jangwani kwa kubahatisha. Magurudumu yakagonga jiwe kubwa, ndege ikachimba mchanga kwa pua. Fuvu likapasuka, pua ikasagika, macho yakavimba hata asione. Moto ukawaka, risasi za bunduki za ndege yake mwenyewe zikaanza kulipuka kwa joto. Akajikokota nje kwa tumbo.

Uchunguzi wa jeshi ulikuja kuonyesha kwamba mahali alipoelekezwa palikuwa si penyewe kabisa. Alikuwa ametumwa katikati ya majeshi ya Waingereza na Waitaliano, pasipokuwa na mtu.

Miaka miwili baadaye yuko Washington, amepangiwa kazi ubalozini kwa sababu hawezi tena kuruka. Mwandishi C. S. Forester anamwomba ampe maelezo mafupi ya vita vyake ili ayatengenezee makala ya gazeti. Dahl anaandika, Forester anayapeleka kama yalivyo, na Agosti 1942 jarida la Saturday Evening Post linayachapa. Kichwa cha habari kinasema rubani huyu ALITUNGULIWA juu ya Libya, na wasomaji wanaambiwa ni taarifa ya kweli. Hakutunguliwa na mtu. Alielekezwa vibaya, akaishiwa mafuta, akagonga jiwe.

Hilo ni simulizi la kwanza. La pili limo katika mkusanyiko wake wa hadithi za marubani uliotoka 1946. Humo usiku ule umeandikwa upya kama hadithi fupi, na kuna rubani mwenzake aitwaye Peter, aliyetua karibu naye na kubaki naye mchangani.

La tatu ni kitabu cha maisha yake cha 1986, alipokaribia miaka 70. Humo anasema wazi kwamba hakutunguliwa, na anasikitika kwamba watu waliaminishwa hivyo. Mtu mzima ambaye sifa ile ilimfungulia mlango wa uandishi anaivua mwenyewe, hadharani. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya, nikasema huyu ndiye shujaa wa kuwapelekea wanafunzi wangu.

Sasa shikeni hapa. Katika kitabu hicho cha ukweli, Peter hayupo. Dahl yuko peke yake, na wanaomwokoa ni askari wa miguu waliojitokeza gizani. Tulikuja kufahamu baada ya yeye kufa, kupitia Donald Sturrock aliyeandika wasifu wake, kwamba Peter alikuwepo. Jina lake ni Douglas McDonald. Alikuwa kwenye Gladiator ya pili, akatua salama karibu na ile iliyowaka, akakaa na mwenzake aliyekuwa haoni, akimpa joto usiku kucha. Jangwa lile usiku lina baridi ya kuua.

Kwa hiyo hadithi ya kubuni ilimtunza rafiki, na kitabu cha kumbukumbu kikatunza chanzo cha ajali lakini kikamwacha rafiki. Wakuu, mimi hapa ndipo ninapokwama. Nani ashike neno shujaa katika usiku huu?

#2 Mdau

Shikamoo mwalimu, uzi mzito huu.

Ila naomba nimtetee mzee. Mbona sisi wenyewe tumezoea kuwakuza mashujaa? Fumo Liyongo katika utendi anapiga pembe mpaka zinapasuka, anachungulia kutoka mbali watu wanakimbia. Hakuna anayemshtaki Muhammad Kijumwa kwa kutia chumvi. Shujaa bila chumvi halisimuliki. Gazeti la 1942 lilikuwa linaandika wakati wa vita, Wamarekani walihitaji kuona kijana wa Kiingereza aliyepigwa risasi akainuka. "Kijana kaishiwa mafuta" ingemwinua nani kitini?

#3 Mleta mada

Marahaba mkuu. Umenipeleka kwa Liyongo, na afadhali, maana huyo naye nalala nikimwaza siku hizi.

Tofauti ninayoiona ni hii. Mtunzi wa tendi anakaa na wasikilizaji wake wote wakijua kinachofanyika. Mwana wa Liyongo akimchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba, na Liyongo akatoka akapiga goti kisimani na upinde mkononi akafa vile vile, na watu wa mji wakashindwa kuteka maji siku kadhaa kwa kudhani yu hai, kila aliyeketi pale ukumbini anaelewa kwamba anaonyeshwa ukubwa wa mtu. Hakuna anayepewa waraka wa kijeshi. Jarida lile lilisema: hii ni taarifa. Hapo chumvi inageuka kitu kingine, maana inamlipa mmoja sifa ya jambo ambalo wenziwe wengine walilipia kwa roho zao.

Tena chumvi ile haikuhitajika! Hili ndilo linaloniuma zaidi kama msomaji. Dahl alikuwa na ushujaa halisi, ila ulikuja baadaye.

Alilala hospitali ya jeshi la majini Iskandaria kwa miezi, wiki nyingi za mwanzo akiwa gizani, hajui kama ataona tena. Mwaka 1941 akaruhusiwa kurudi angani. Angeweza kuomba kurudi nyumbani, hakuna ambaye angemlaumu mtu aliyepasuka fuvu. Akaenda kukitafuta kikosi chake, ambacho sasa kilikuwa Ugiriki, na ndege zilikuwa zimebadilika: Hurricane, ya bawa moja, yenye kasi kubwa kuliko alizozizoea. Akiwa na saa kama saba tu za kuirusha alivuka nayo Bahari ya Mediterania mwezi Aprili, mwili wake mrefu umekunjwa kama kisu cha kukunja, akafika uwanja wa Eleusis karibu na Athens akiwa amekakamaa hata kutoka ikabidi anyanyuliwe. Akakuta Waingereza wamebakiwa na Hurricane kumi na tano hivi za kulinda nchi nzima dhidi ya jeshi la anga la Ujerumani.

Tarehe 15 Aprili akapelekwa peke yake juu ya Chalkis, akakutana na ndege sita za mabomu za Wajerumani, Junkers 88, akaangusha moja. Ndiyo mara yake ya kwanza kupigana angani. Hakuwahi kufundishwa.

Tarehe 20 Aprili Hurricane 12 ziliruka juu ya Athens. Tano zikaanguka, na marubani wanne wakafa. Dahl akarudi, ndege ina matundu, mikono inatetemeka hawezi kuwasha sigara. Hiyo ameiandika bila mapambo yoyote. Ule mtetemeko wa mikono kwangu una thamani kuliko kichwa chote cha habari cha 1942, kwa sababu kesho yake alipanda tena.

Na hapo kati ya wale wanne ndipo alipo mtu ambaye nataka mumjue. Marmaduke Pattle, marafiki wakimwita Pat, mzaliwa wa Butterworth, Afrika Kusini, mwaka 1914. Wanahistoria wengi wa vita vya anga humhesabia ndege zaidi ya 40 alizoangusha, wengine humweka juu ya marubani wote wa upande wa Waingereza na washirika wao wa magharibi. Siku ile alikuwa na homa kali, alipaswa kuwa kitandani. Akaruka. Kwenye ghuba ya Eleusis akamwona mwenzake amezingirwa na Messerschmitt, ndege za kivita za Wajerumani, akateremka kumsaidia, wakampiga yeye. Ndege ikaingia baharini. Hana kaburi.

Na kwa nini hamjawahi kumsikia? Waingereza walipokimbia Ugiriki siku chache baadaye, kumbukumbu za vikosi zilipotea na nyingine zikaharibiwa ili adui asizipate. Idadi yake kamili haiwezi kuthibitishwa mpaka leo. Pattle hakuandika kitabu, alikuwa na umri wa miaka 26. Liyongo naye hana karatasi hata moja, lakini alipata watu wa kumwimba, vizazi na vizazi, Pate mpaka Lamu, hadi Kijumwa akaja kumwandika. Pattle alikosa karatasi na akakosa waimbaji.

#4 Mdau mwingine

Mleta mada, kwa heshima zote, huyu mtu mnayemsafisha alikuwa na maneno machafu dhidi ya Wayahudi, aliyatoa waziwazi kwenye magazeti uzeeni. Familia yake yenyewe iliomba radhi mwaka 2020. Pia Dar es Salaam alikuwa bwana mkubwa wa kikoloni mwenye boi na mpishi. Tunatafuta ushujaa gani hapo?

#5 Mleta mada

Ndugu yangu, umesema kweli na siwezi kuifunika. Maneno yale aliyasema, na yalikuwa mabaya, na radhi ya familia ilistahili. Darasani nitaanza nayo, sitangoja mwanafunzi ayakute mwenyewe mtandaoni. Mtu aliyeweza kupanda ndege akiwa na fuvu lililoungwa aliweza pia kusema yale. Ni mtu yule yule.

Na kuhusu ukoloni, umenifungulia mlango niliokuwa nauzunguka.

Kabla hajawa rubani, Dahl alipewa kazi ya siku chache hapa Tanganyika. Vita vilipotangazwa, Wajerumani walioishi Dar walitakiwa wakamatwe. Wengi wakaingia barabarani kuelekea kusini, wakitaka kuvuka kwenda Msumbiji ya Wareno. Dahl akawekwa barabarani na kundi la askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza lenye askari Waafrika, awazuie. Kijana wa ofisini, hajawahi kushika cheo cha jeshi, anaamrisha watu waliokuwa askari kwa miaka. Kwa maelezo yake, Mjerumani mmoja aligoma, akatoa bastola na kumwelekezea kifuani. Askari mmoja Mwafrika akafyatua kwanza. Mjerumani akaanguka.

Fikirini. Bila kidole cha askari yule hakuna Nairobi, hakuna jangwa, hakuna Ugiriki, hakuna kitabu hata kimoja mnachowasomea watoto wenu. Na leo hakuna kati yetu anayeweza kumtaja kwa jina. Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR, alikwenda mpaka Burma. Alirudi na koti zito la jeshi na kikohozi, akafa bila kuandika mstari. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunamwomba atusimulie vita, anatuambia, "Tulitembea sana." Basi. Nilipofika kwenye ukurasa wa askari yule wa barabara ya kusini niliona koti la babu limening'inia nyuma ya mlango.

Kuna na Mdisho, huyo boi unayemsema. Huyu angalau Dahl alimtaja. Mnyamwezi, kijana wa nyumbani kwake, ambaye Dahl alimfundisha kusoma na kuandika. Usiku wa kutangazwa kwa vita, anasimulia Dahl, Mdisho alichukua upanga wa Kiarabu uliotundikwa ukutani, akakimbia gizani mpaka nyumbani kwa Mjerumani mwenye shamba la mkonge, akamuua, akarudi kwa furaha kumpa bwana wake habari. Akidhani vita ni vita. Dahl akalazimika kumweleza kwamba hilo ni kosa la kunyongwa na wanyamaze.

Shahidi wa kisa hicho ni Dahl peke yake, na mtu aliyekwisha kumwondoa rafiki yake jangwani siwezi kumpa ushahidi wote wa usiku mwingine. Huenda Mdisho alifanya, huenda alifanywa afanye, kwa kalamu. Ninachokiona ni kwamba Dahl kafundisha mtu kuandika, halafu tunachokijua juu ya mtu huyo ni kile tu alichokiandika mwalimu wake. Mimi ni mwalimu. Hilo limenichoma.

#6 Mdau kutoka Bujumbura

Habari zenu bandugu. Huku tunasoma Kifaransa, basi niongezee wa kwetu.

Antoine de Saint-Exupéry, aliyeandika kile kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiswahili kama Mwana Mdogo wa Mfalme, naye alianguka jangwa lile lile upande wa Misri, miaka karibu mitano kabla ya Dahl. Usiku wa kuamkia 30 Desemba 1935, anashindania kasi ya safari ya Paris hadi Saigon, yeye na fundi wake André Prévot. Maji yaliisha upesi. Walitembea siku tatu na zaidi wakiona maziwa na miji isiyokuwepo, hadi Mbedui mmoja juu ya ngamia akawaona akawapa maji.

Katika kitabu chake cha 1939 Saint-Exupéry anazungumza na Mbedui huyo moja kwa moja na kumwambia kwamba sura yake itafutika akilini, kwamba kwake yeye ni Binadamu mwenyewe, nyuso zote kwa pamoja. Nilipokuwa chuo niliona ni maneno mazuri kuliko yote ya kitabu. Sasa nimemsoma mleta mada hapa, nimerudi kuyasoma, na nimejiuliza: kwa nini hakumwuliza jina? Prévot ana jina. Guillaumet, rafiki yake aliyetembea siku tano kwenye theluji ya milima ya Andes mwaka 1930 ili mkewe asikose malipo ya bima kwa kukosekana maiti, ana jina na sura nzima. Mbedui kapewa heshima ya kuwa watu wote.

Lakini kwa kuruka kwenyewe simwondolei kitu. Mwaka 1944 alikuwa na miaka 44, mwili umevunjika-vunjika kwa ajali za zamani, hawezi kuvaa nguo za rubani bila msaada. Marubani wa ndege ile ya Lightning walikuwa vijana. Aliomba, akasumbua wakubwa, wakamruhusu safari tano za kupiga picha juu ya Ufaransa. Akaenda zaidi ya tano. Tarehe 31 Julai 1944 akaruka kutoka Corsica, hakurudi. Ndege yake haina bunduki, kazi yake ni kamera tu. Mwaka 1998 mvuvi wa Marseille akavua bangili yake ya fedha kwenye wavu, na mabaki ya ndege yakatambuliwa 2004.

#7 Mleta mada

Asante sana ndugu wa Bujumbura. Mvuvi na bangili, hilo naondoka nalo.

Umenisaidia kuona kitu nilichokuwa nakizunguka tangu #1. Nilikuwa namsamehe Dahl kwa sababu alijivua sifa ya kutunguliwa. Bado naheshimu hilo. Lakini kukiri "sikupigwa risasi" kulimpunguzia yeye mwenyewe tu. Kumwacha McDonald kulimpunguzia mtu mwingine, na aliyepunguzwa hakuwa na kitabu cha kujibu. Labda alitaka usiku ule uwe wake peke yake. Labda mzee wa miaka 70 akiandika juu ya kijana aliyekuwa haoni, anaandika alichokiona, na yule kijana hakuona chochote isipokuwa moto.

Hebu mfikirieni McDonald kwenye Gladiator ya pili. Mafuta yake nayo yanakwisha, kiza kinaingia, anaona ya mwenzake imegonga na kuwaka. Ameona kwa macho yake ardhi ile inafanya nini kwa ndege. Anashusha yake hapo hapo karibu. Anatoka, risasi zinalipuka kwenye moto, anamfuata mtu asiye na uso unaotambulika, analala ubavuni mwake mchangani mpaka wanakuja watu. Hakuangusha adui yeyote usiku ule, na hakuna hesabu yoyote ya jeshi inayoweza kuuingiza usiku huo.

Jumatatu nitakwenda darasani na karatasi mbili. Moja ni ukurasa wa hadithi fupi ambamo yumo Peter, nyingine ni ukurasa wa kitabu cha 1986 ambamo hayumo. Sitasema neno. Nitamwomba binti aliyeuliza swali asome zote mbili kwa sauti, halafu nitaandika ubaoni: Douglas McDonald.

Nitaleta mrejesho hapa jioni.